Pua ya Kuazima

Mtaa mzima ulimwita Mama Pua, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumkejeli. Akifika tu kwenye kona ya duka la dawa, alikuwa anakwambia nyumba gani imeunguza maharage na nani amebadilisha sabuni ya kufulia. Kazini, kwenye jiko la nyumba ya wageni, hakuwa na haja ya kufunua sufuria. Alipita tu nyuma ya wenzake akasema, "Hiyo, punguza moto," na moto ukapunguzwa.

Sasa mfikirieni mtu wa namna hiyo ameamka asubuhi moja, mafua yamekwisha, kichwa chepesi, anafungua kopo la kahawa, na kopo halisemi kitu. Akainamisha pua mpaka unga ukamgusa. Kimya. Akajaribu sabuni, akajaribu kitunguu, akajaribu soksi za mumewe, ambazo tangu waoane hazijawahi kukosa la kusema. Kimya. Mafua yalikuwa yameondoka na harufu zote za dunia, kama mgeni anayeaga kwa adabu huku amebeba vijiko.

Hakumwambia mtu. Mpishi asiyenusa ni dereva asiyeona, ndivyo alivyojiambia, na dereva wa hivyo hupewa nini kama si barua ya kwaheri? Siku zilizobaki kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka alipika kwa mazoea ya mkono, na bahati ikambeba. Kisha bosi wake, mama mwenye nyumba ile ya wageni, akamwambia, "Wewe unakwenda likizo, lakini sisi tutajaa wageni. Ile granola unayowagawia watu kila mwaka, nitengenezee makopo ya kifungua kinywa. Nitapita kwako mwenyewe kuyachukua."

Angekataaje? Aliitikia kwa furaha mpaka magego yakaonekana, akarudi nyumbani akalinusa tena lile kopo la kahawa, bure.

Granola yenyewe si kitu cha ajabu. Ni shayiri ile bapa ya uji, lozi, korosho, mbegu za maboga, asali, mafuta kidogo na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Unaichanganya, unaitandaza kwenye trei, unaioka mpaka ikauke. Lakini ya Mama Pua ilisifiwa kwa viungo: mdalasini, kungumanga, tangawizi, na iliki aliyoitwanga mwenyewe. Viungo hivyo vina saa yao. Ukivitoa mapema vimelala, ukivichelewesha vimekuwa vichungu, na saa hiyo haionekani kwa macho. Hunuswa.

Siku ya kuoka nyumba ilikuwa na watu. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa mapumzikoni. Na alikuwepo wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kwa sikukuu na sanduku moja la nguo na ulimi wa masanduku matatu.

"Wifi," huyo akaita kutoka sebuleni, "mbona unazunguka kama feni? Umekalia siafu?"

"Niko kazini. Wewe tulia, wewe ni mgeni."

"Mgeni ni siku ya kwanza. Mimi kochi lenu limeshanizoea mpaka linaninung'unikia."

Mama Pua akaisukuma trei ndani ya oveni. Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akafungua mlango wa oveni, joto likampiga usoni, akaufunga. Akaifuta meza aliyokwisha kuifuta. Mwisho akamwita mumewe.

"Hebu njoo uangalie taa ya oveni, naiona inapepesa."

Mume akaja, akainama. Mama Pua hakuitazama taa, aliitazama pua ya mumewe.

"Taa nzima hii."

"Na kunanukiaje huku?"

"Kuzuri."

Kuzuri! Mwanamume huyu hata ungemchemshia kamba ya viatu angesema nzuri. Ndiyo maana ndoa ilidumu, lakini leo wema wake haukusaidia kitu.

Akatoka mbio mpaka kwa jirani yao kinyozi, akamwomba aje amfungulie chupa ya asali iliyokaza. Kinyozi akaingia, akavuta pumzi, akasema, "Mh!" Akaifungua chupa, ambayo haikuwa imekaza hata kidogo, akaenda zake. Mh! Mh ya kutamani, au mh ya kusikitika? Mama Pua akamfuata mpaka mlangoni, akarudi anatafuna ukucha.

Aliyebaki ni wifi. Na huyo ndiye hasa ambaye hakutaka ajue, kwa sababu wifi akijua, ukoo mzima umejua kabla chai haijapoa. Lakini hapo aliposimama na kitambaa mkononi, likamjia jambo ambalo kwa kweli alilijua siku zote: katika nyumba ile ni wifi peke yake asiyemsifia mtu kwa bure. Siku ya harusi, mbele ya wakwe, alisema keki ni kavu. Na keki ilikuwa kavu.

Akaitoa trei, akaibeba mpaka sebuleni, akaiweka mezani.

"Wifi, nusa."

"Ninuse mimi? Pua si ndiye wewe?"

"Nusa tu, nakuomba."

Wifi akamtazama. Akainama, kisha akainuka haraka.

"Viungo havina neno. Lakini lozi! Lozi zinanuka kama rangi ya mlango iliyosahauliwa stoo. Zimekaa kabatini tangu lini?"

"Tangu likizo ya mwaka jana."

"Na wewe hukusikia harufu yote hii wakati una—"

Akanyamaza. Mtu ambaye hata kutafuna hakumnyamazishi, akanyamaza.

"Husikii," akasema taratibu.

"Sisikii kitu, wifi. Tangu yale mafua."

"Kaka anajua?"

"Wa kwanza ni wewe."

Mama Pua alikuwa amekaza shingo, anakingoja kicheko kama mtu anayengoja sindano. Wifi akaichukua trei, akaenda kuimwaga yote kwenye pipa la taka.

"Bosi wako anakuja lini?"

"Jioni hii."

"Basi umesimamia nini? Lete korosho nizinuse. Na shayiri, na hizo mbegu. Leo kila kitu kinapita kwangu kama mpakani."

Trei ya pili ikaingia bila lozi. Wifi akaweka kiti mbele ya oveni, akakalia enzi yake.

"Sasa?" akauliza Mama Pua.

"Bado."

"Sasa je?"

"Ukiniuliza tena nakutia na wewe humo."

Mama Pua akazunguka meza. Akapanga makopo, akayapangua. Ghafla wifi akainuka. "Sasa! Toa!"

Kwa macho ya Mama Pua rangi ilikuwa haijafika. Mkono ukasita kwenye mpini, kwani hakuwahi kuepua chakula kwa neno la mtu mwingine. Akavuta mlango, akatoa.

Jioni bosi alipobisha hodi, wifi akamnong'oneza Mama Pua, "Mpe makopo, nyamaza. Nani atajua?"

"Wewe sikukuu ikiisha unaondoka. Halafu mimi ninuse na nani?"

Akatoka, akayasema yote palepale kibarazani, maneno yanakanyagana. Bosi akafungua kopo moja, akanusa kwa muda mrefu.

"Hii inanukia."

"Amenusa wifi yangu."

"Ungeweza kuwapa wageni wangu nyama iliyooza."

"Ndiyo maana nakwambia, bosi."

Bosi akafunga kopo. "Moto nitampa mwenzako. Wewe utakuwa kwenye meza ya kukatia mpaka pua ipone. Isipopona, tutakaa tuzungumze." Akayabeba makopo, akaenda.

"Amesemaje?" wifi akauliza.

"Kanitoa motoni. Nitakata vitunguu."

"Vitunguu! Mtu asiyesikia harufu! Hiyo kazi wamekushonea kama gauni."

Mama Pua akakaa kwenye kochi. Akasimama. Akaingia jikoni, akakitafuta kisu chake kidogo, akakipitisha kwenye kucha, akakikuta butu. Likizo ilikuwa bado mbichi, lakini akatoa jiwe na kuanza kukinoa palepale.

"Wifi, si ukae!"

"Nakaa," akajibu, huku ananoa.