Talaka Iliyokumbukwa na Mtaa Mzima

Mwanangu, naikumbuka siku niliyoshuka bandarini Unguja na diploma yangu ya ualimu, miaka ya hamsini hiyo, suruali imepigwa pasi hata inzi angeteleza. Wazee wa barazani petu walikuwa wamesema mtoto wa mchukuzi hatavuka darasa la nane. Nilivuka, nikenda bara, nikasoma hata elimu ya nafsi ya binadamu. Kila aliyenisalimu alisikia habari za diploma yangu. Sioni haya, niliitolea jasho.

Lakini nyumbani nilikuta msiba usio na maiti. Dada yangu Zuhura, naye mjamzito, alikuwa ameachwa, na mtaa mzima ulisema ameachwa kwa talaka tatu. Tatu, mwanangu, ni mlango uliofungwa. Mume hamrejei tena mkewe mpaka aolewe na mwingine, kisha aachike. Salum, mumewe, alikuwa akilia kama mtoto. Siku ile hasira zilimfunika, hakujua tena alitamka ngapi.

Nikamwendea jirani yao, Bi Time, nikamwamkia.

"Marahaba. Najua ulichokuja kuuliza. Tatu. Nimezisikia kwa masikio yangu haya."

"Ulikuwa unafanya nini, Bi Time?"

"Nakuna nazi uani."

"Na maneno yalikufikia huko?"

"Kelele zilinifikia. Halafu mferejini, tukiteka maji, wenzangu wakasema tatu, nikakumbuka kweli zilikuwa tatu. Au hiyo diploma yako ina masikio kunishinda mie?"

Bi Time hakuwa mwongo. Aliogopa kiapo kuliko moto. Lakini kumbukumbu, mwanangu, si sanduku unaloweka kitu ukakikuta vilevile. Kila ukisimulia jambo unalijenga upya, na mawe mengine unayachukua kwa wenzio bila kujua.

Nikamuuliza Zuhura mwenyewe. Akainama.

"Kaka, mwanzo nilidhani moja. Sasa nazisikia zote tatu, hata sauti yake naisikia."

Hapo niliogopa. "Siku ile, nani ulimwambia kwanza?"

"Shangazi, kule Mbweni, shamba. Nilitoka nikenda kwake, nikalala huko."

Shangazi alikuwa mgonjwa wa miguu, hajatia mguu mjini tangu siku ile, na maneno ya mtaani hayajamfikia. Sikumwambia ninachotafuta. Nilimwomba tu anisimulie Zuhura alivyofika.

"Alikuja ushungi umerowa machozi. Akasema, Shangazi, Salum kanipa moja. Nikamwambia, moja ina marejeo, mwanangu, hebu kunywa uji. Akanywa bakuli zima."

Nilimkodia teksi, kwa mshahara wangu wa kwanza, nikamfikisha mbele ya kadhi. Alipoyarudia maneno yale, Zuhura akaweka mkono mdomoni.

"Ule uji," akasema. "Ulizidi pilipili manga. Nilikuwa naunywa huku nikisema, moja tu, Shangazi, moja tu."

Kadhi akamtaka Bi Time aape. Bi Time akaurudisha mkono ndani ya buibui. "Siapi, Sheikh. Nilisikia kelele."

Kadhi akahukumu talaka ni moja. Salum akamrejea mkewe ndani ya eda, na mtoto akazaliwa baba yake akisubiri mlangoni.

Basi mwanangu, ukishuhudia jambo zito, lisimulie mapema kwa mtu mmoja mwaminifu, kabla wengi hawajakusimulia wewe. Anayekumbuka tofauti na wewe usimwite mwongo. Muulize alikuwa wapi, na tangu siku ile amezungumza na nani. Na ukijiona una yakini kuliko watu wote, na yakini hiyo itavunja nyumba ya mtu, nyamaza kwanza. Mimi mwenye diploma nakwambia hivyo, na mpaka leo hujinyamazia.

Mola akuhifadhie akili yako mpaka uzeeni, akupe ulimi unaojua kusita, na utakayeoana naye akae nawe kwa wema. Amin.