Nati Iliyokazwa kwa Mapenzi

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa kulegeza. Sisemi ni mzembe. Mzembe wa nyumba yetu ni mimi, na sijawahi kukana. Nasema kazi aliyoifanya miaka thelathini, ya kubadilisha beringi za matela, siri yake yote iko katika kulegeza, na mafundi wote wa barabara ile hakuna aliyeijua kama yeye.

Ungemkuta asubuhi mbele ya kibanda chake cha mabati, amekalia debe, beringi kuukuu zimelowekwa kwenye sufuria ya mafuta ya taa. Zilizosafika alizigeuzageuza juani akitafuta doa la bluu, maana chuma kilichowahi kuungua hakifichi. Grisi hakuipaka juujuu. Aliweka fungu kwenye kiganja cha kushoto, akaisukuma beringi ndani yake, tena na tena, mpaka grisi ichomoze upande wa pili. Mteja mwenye haraka alijibiwa, "Haraka yako ipeleke kwa jirani." Jirani alikuwa kinyozi.

Zamu ya nati ikifika, alikaza huku akizungusha gurudumu kwa mkono, ili beringi ikae sawasawa. Kisha alilegeza, akairudisha nati kwa vidole tu, bila spana, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Alitaka licheze kidogo sana, mchezo wa kuhisi kuliko wa kuona. "Chuma kikipata moto kinavimba," alikuwa akisema. "Usipokiachia nafasi, kitaitafuta chenyewe." Baada ya hapo pini hupitishwa kati ya meno ya nati isije ikajifungua, miguu yake hukunjwa, na kifuniko hugongwa juu yake. Pale kibandani kulikuwa na sheria moja: aliyefunga nati ndiye anayetia pini, na mkono mwingine haugusi. Sheria hiyo aliitunga yeye, na aliyeivunja ni yeye.

Mdogo wetu wa mwisho alifanya kazi naye. Tulimwita Kitinda, ingawa alikuwa na mke na ndevu. Mama naye alikuwa na tela dogo la kupelekea viti vya kukodisha, na tela hilo ndilo lililomfanya asituombe sisi wanawe hata kipande cha sabuni. Siku moja akapata kazi ya viti mia mbili, vya mbao, vya kupeleka mji wa pili. Kitinda akafunga beringi mpya magurudumu yote mawili, akatia pini, akaenda kunawa kabla ya kugonga vifuniko. Kaka akapita. Akatikisa gurudumu la kushoto, nalo likacheza, kama lilivyotakiwa kucheza.

Lingekuwa la mteja, angeliacha. Lakini hili lilikuwa la mama, na mama mwenyewe angekaa mbele kwenye pikapu yenye kulivuta. Kaka akachomoa pini, akakaza jino moja, akatikisa, akaona bado, akakaza la pili. Akarudisha pini, akaenda zake. Mapenzi yalimnyima akili, sina namna nyingine ya kulisema.

Tela lilikwenda mwendo wa saa moja tu. Beringi ikapata moto, ikasagika, gurudumu likachomoka, tela likalala mtaroni na viti vikawa kuni. Mama hakupata hata mchubuko, ila biashara yake iliishia pale. Ekseli ilipoletwa kibandani, imeungua bluu, watu wote walimtazama aliyefunga. Kaka naye akamtazama. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujui kupumzika, nikamwambia Kitinda mbele za watu, "Umetaka kutuulia mama!" Wateja wakaanza kusema yule asiguse vyombo vyao. Mwezi haukuisha, akaacha ufundi akaenda kulinda geti la ghala. Mikono ile, ya kufungua na kufunga geti!

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya kaka hayakungoja; yalizaliwa siku ile ile. Alikonda, akawa mkali kwa wateja, na fundi mwingine hakuajiri. Mimi nilidhani anamkasirikia Kitinda.

Miaka minne ikapita, mama akaugua, akafariki. Wiki chache baada ya mazishi tulikuwa chumbani kwake sisi watatu, tunapanga nguo na vyombo vyake. Kaka alikuwa ameshika blanketi, halafu akaliweka chini.

"Kitinda, gurudumu lile nilikaza mimi," alisema. "Nilifungua pini yako ulipokwenda kunawa."

Mimi nikadakia, "Kaka! Miaka yote hii?"

"Niliogopa macho ya mama. Kila siku najiambia nitasema kesho, na kesho haikwisha. Sasa amekwenda anajua mwanawe wa mwisho ndiye aliyemharibia. Hilo ndilo linaloniua."

Kitinda aliendelea kukunja shuka mpaka akaimaliza. "Nilijua, kaka. Niliporudi na kifuniko niliiona pini. Mimi hukunja miguu yote miwili, wewe hukunja mmoja."

"Sasa mbona hukuifungua?"

"Nifungue pini yako wewe, uliyenifundisha kushika spana? Nilisema kaka ameona nilipokosea, amenirekebisha." Aliiweka shuka kando. "Hilo ni langu, na mimi nalijutia."

Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile, lakini kwa mara ya kwanza maishani mdomo ulinigomea.

"Na mama hakuwa amemkosea mtu," kaka alisema. "Amekufa na uongo wangu."

"Mama alijua," Kitinda alisema. "Nilimwambia jioni ile ile ya ajali. Akanikataza nisiseme kwa mtu. Alisema mwache, ni mtu mzima, atakuja mwenyewe. Na mimi sikutaka kukuvua nguo."

Kaka aligeuka akakitazama kitanda cha mama. Wakati wa ugonjwa alikuwa akija kila Ijumaa na mfuko wa machungwa. Alikaa karibu na kile kitanda, akazungumzia mvua na bei ya grisi, akaaga.

"Kila ulipotoka," Kitinda alisema, "alikuwa ananiuliza, 'Amesema?' Namjibu bado, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi aliyofariki. Alifumbua macho, akaniuliza tena. Nikamwambia bado."

Kaka alijishusha akakaa sakafuni, fundi mzima, akalia kwa sauti. Kitinda akakaa karibu naye.