Wimbo Nilioulaza kwa Jirani

Piano ilipoletwa kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi, Wazungu walikuwa wamekwisha kuichoka. Ilikaa klabuni kwao miaka mingi, mchwa wakaonja miguu yake ya nyuma, jua la Geita likakausha mbao zake mpaka zikapasuka, na walipopata mpya ndipo wakatukumbuka sisi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa dresa wa zahanati, kazi yangu kuosha vidonda na kufunga bendeji, lakini kwa kuwa nililelewa misheni kule Shinyanga na kupiga kinanda cha kanisani tangu ujana wangu, watu kambini walipoiona piano walinitazama mimi. Nami, niseme kweli, nilikuwa nimekwisha kujitazama kabla yao.

Lakini aliyeijua piano hasa alikuwa Mgoa mmoja, karani wa stoo. Jumamosi alasiri alikaa na bendi yetu ya dansi, mpiga gitaa, mpiga ngoma na Mnyasa wa tarumbeta ambaye siku nyingine zote alikuwa chini ya ardhi akichimba. Mgoa alijifunza jazi kwa kusikiliza santuri. Alianza wimbo kama mtu yeyote, halafu katikati akauacha, akaanza kubuni yake papo hapo, akizunguka na kutoka na kurudi, nasi tukamsubiri arudi huku tukitabasamu. Mimi nilikaa benchi la mbele nikimwonea wivu. Kitabu cha nyimbo za kanisa nilikisoma chote bila kukosa nota. Ukikifunga kitabu, mikono yangu ilikuwa bubu.

Kisha Mgoa akapata barua ya uhamisho kwenda Mwanza. Mzungu aliyesimamia ukumbi, tuliyemwita Bwana Ustawi, akatangaza kwamba piano isiyo na mpigaji ni chakula cha mchwa tu. Kama Jumamosi ya mwisho wa mwezi hatapatikana Mwafrika wa kuipigia dansi, ataipeleka kwenye shule moja mbali huko. Nikasimama mbele za watu nikasema mpigaji yupo, ni mimi. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, na kuogelea sijui.

Siku hiyohiyo Mgoa alinikalisha kwenye kiti chake. Alinionyesha nota tano: do, re, mi, so, la. Fa na ti akaniambia niziache kwanza.

"Hizi tano hapana gombana," alisema. "Wewe gusa yoyote, nasikilizana. Piga kila siku. Anza hapa, kesho anza hapa, mpaka funguo zote kwisha, nyeupe na nyeusi."

Nikazipiga. Zamu ikiisha saa tisa nilikwenda ukumbini na koti langu la zahanati bado mwilini, likinuka dawa, nikapanda do re mi so la, nikashuka la so mi re do. Bati la paa lilikuwa likichemka. Kule nje kinu cha mgodi kiliponda mawe bila kupumzika, nami nikafuata mapigo yake, kwa sababu ile saa ya kuhesabia mapigo ya muziki sikuwa nayo. Wiki ya kwanza vidole viliuma. Wiki ya pili vilikwenda vyenyewe, mpaka kwenye funguo nyeusi, na wachimbaji waliokuwa wakipita wakaanza kunitania dirishani kwamba piano ya dresa ina homa ya vipindi, inapanda inashuka, na mwenyewe mwenye kwinini hajui kuitibu. Nilikasirika, maana walisema kweli. Nilikuwa na nota tano safi kabisa, na hakuna hata moja iliyosema kitu.

Mgoa alikuja akasikiliza, akawasha sigara.

"Wewe nakwenda juu, narudi chini, kama mlinzi wa stoo," alisema. "Na kila saa narudi do. Kwa nini? Do nakimbia?"

Jibu nililijua. Misheni tulifundishwa kwamba wimbo uende utakakokwenda, mwisho lazima urudi do. Kwangu hilo halikuwa jambo la muziki tu, lilikuwa adabu.

Ilikuwa imebaki wiki moja. Alasiri hiyo nilikuwa nikipanda na kushuka kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, kidole kikateleza kutoka so kwenda mi, kikarudi la, na sikio langu likashtuka. Nikarudia. Ulikuwa wimbo wa kulimia. Kwetu Usukumani watu walilima kwa kikundi, wamejipanga mstari, na mbele yao alitembea ningi, kiongozi wa nyimbo, ambaye jembe hashiki. Yeye hurusha mstari wa wimbo, wenye majembe huitikia, na jembe hushuka pamoja na jibu. Nikajaribu wimbo wa pili, na wa tatu. Zote zilitosha ndani ya nota zilezile tano. Wiki tatu nilikuwa nikitoka jasho nikijifunza kwa Mgoa, na kwa santuri za watu wa ng'ambo ya bahari, kitu nilichokisikia mgongoni mwa mama yangu.

Nilifurahi, kisha furaha ikanigeuka. Nyimbo hizo nilikuwa nimezikataa. Mapadre waliziita za kipagani, na mimi, muumini mpya mwenye viatu, nikaziita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wao. Na mke wangu ni binti wa ningi. Baba yake alikuwa akiitwa kwenda kuongoza vikundi hata mwendo wa siku tatu, na yeye mwenyewe msichana aliimba mpaka watu wa mashamba ya jirani wakaacha kazi kusikiliza. Tulipooana nilimwambia nyimbo za baba yake zibaki kwa baba yake. Alinitii. Miaka sita nyumba yangu ilikuwa kimya, nami nikiita kimya hicho amani.

Jioni niliketi mlangoni nikiuimba ule wimbo kwa kuguna, vidole vikipiga magoti yangu. Maneno niliyasahau, nilishika sauti tu. Mke wangu alikuwa jikoni akisonga ugali. Nilipofika mwisho nikasikia mwiko umesimama.

"Umeulaza kwa jirani," alisema.

"Nini?"

"Huo wimbo. Haulali hapo. Umeupeleka kulala nyumba ya watu." Akaguna mwisho wake, nota nne au tano, na sauti ikashuka ikatua kwenye la, chini ya do nilipouacha mimi, ikatulia. Kisha akaufunga mdomo wake kwa upande wa kanga. "Samahani, baba watoto. Nimesahau."

Niliruka nikaingia jikoni. Nikamwambia hapana, aendelee, aniimbie wote, aniimbie na nyingine. Nikamweleza habari ya piano, Jumamosi, shule ya mbali. Aligeuza ugali, akaupiga, akauweka kwenye sahani bila haraka.

"Uliniambia ni nyimbo za shetani," alisema. "Sasa shetani amepata kazi mgodini?"

"Mama watoto, ni kwa ajili ya piano tu."

"Ndiyo. Nimesikia." Akanisogezea maji ya kunawa. "Nimekupa pa kuulaza. Na jambo moja zaidi, kwa kuwa nakusikia kila siku nikipita ukumbini kwenda kisimani. Wewe unaimba na unalima mwenyewe. Ningi akisema, hunyamaza. Wewe hunyamazi. Nani atakuitikia?"

Nyimbo nyingine alikataa kuniimbia. Nilikula ugali wangu nikiwa nimenuna, nikimwona mkaidi. Leo ninapokumbuka kununa kule naona aibu, maana nilikuwa nimeomba kitu bila kurudisha kile nilichokichukua.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bwana Ustawi alikaa mbele na miguu yake mirefu, Mgoa kando yake amevaa tai. Tulianza na dansi la kawaida ambalo kila mtu alilijua, nami nikalipiga salama, kikanisa kidogo. Halafu ikafika ile sehemu ya katikati ambapo Mgoa huwa anatoka peke yake. Nikapiga moyo konde. Mkono wa kuume ukarusha mstari wa wimbo wa kulimia, nikaulaza kwenye la, nikaondoa mikono kwenye funguo.

Sijapata kuona kimya kirefu kama kile. Ngoma iliendelea chini chini. Niliwaona watu wakitazamana, Waha, Wajaluo, Wasumbwa, wakidhani nimesahau. Ndipo Mnyasa akainua tarumbeta yake, akanijibu. Wimbo wenyewe hakuujua, ila alijua kwamba mtu akisemeshwa hujibu. Nikarusha wa pili, akajibu, na safari ya tatu ukumbi mzima ulijibu kwa miguu, vumbi likapanda. Nikabuni wa nne. Haukuwa wa ningi yeyote, ulikuwa wangu, wa kwanza maishani mwangu. Machozi yalinitoka nikiwa nimeinamisha kichwa, watu wakidhani ni jasho.

Bwana Ustawi aliniambia piano haitaondoka. Mgoa alinisogezea kiti chake cha piano, akanionyesha kwa mkono kwamba ni changu.

Nilikwenda nyumbani karibu nikikimbia. Mke wangu alikuwa uani akipepeta mtama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: jinsi nilivyoulaza wimbo mahali pake, jinsi nilivyonyamaza, jinsi Mnyasa alivyoitikia na watu wakapiga miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. "Kwa hiyo kinanda kimeruhusiwa kuimba nyimbo za baba yangu."

"Kimeruhusiwa," nikasema, bado ninacheka.

"Na mimi?"

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilitafuta maneno ya kujitetea, nikayapata mengi, yote yakinuka misheni na kiburi changu. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia nilimkosea, na kwamba nilimkosea kila siku kwa miaka sita. Hakusema amenisamehe. Aliinua ungo akaendelea kupepeta, na baada ya muda, bila kunitazama, akaanza kuimba wimbo uleule kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Alipofika mahali pa kuitikia alinyamaza, akaningoja.

Maneno ya kuitikia sikuyakumbuka. Akaniimbia kiitikio mwenyewe, taratibu, mara mbili, kama anavyofundishwa mgeni.