Klarineti ya Mpingo

Lemayian hakuwahi kumnunulia mtoto wake hata soksi. Alipomfukuza Namnyaki na kumwingiza mwanamke mwingine katika nyumba ambayo Namnyaki aliikandika kwa mikono yake mwenyewe, ng'ombe walibaki kwake, shamba la mahindi likabaki kwake, na mtoto mchanga ndiye aliyeachiwa mama, kwa sababu mtoto mchanga hakamuliwi wala hapandwi. Wanaume wa namna hiyo hawalimi wala hawapalilii, lakini harufu ya mahindi ya kuchoma huwafikia kokote waliko.

Harufu ilimfikia mwaka ambao Brightness, mtoto yule, alianza kupuliza klarineti.

Namnyaki alikuwa akiuza maziwa Kimandolu, mlango kwa mlango, ndoo mkononi. Shule hakuiona. Baba yake alisema binti anayesoma humsomea mume, basi akamtoa kwa mume bila kumsomesha, na mume naye akamtoa nje. Lakini Brightness alisoma, na Jumapili alikaa na watoto wa bendi ya matarumbeta kanisani. Usharika ulikuwa na klarineti moja tu, ya kijana aliyekuwa masomoni. Mwalimu Ludovick, mwenye bendi, akampa mtoto aishike huku wakimngoja mwenyewe. Mtoto akaipuliza siku ile ile, na wazee waliokuwa wakisinzia kwenye viti vya nyuma wakainua vichwa.

Kisha yule kijana akarudi, akachukua chombo chake.

"Mama Brightness," alisema Mwalimu Ludovick, "mtafutie ya kwake. Huyu akikaa mikono mitupu, mpaka mwakani atakuwa amesahau, na mimi sitampata mwingine."

Namnyaki alipopata zamu yake kwenye kikoba, alimshika mtoto mkono wakaenda Ngarenaro, kwenye duka la Tahera, mwanamke wa Kihindi anayeuza vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika. Duka lilikuwa jembamba, gitaa zimening'inizwa ukutani kama mbuzi wa buchani.

"Shikamoo," Brightness alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nyoosha vidole." Tahera alivipima kwenye matundu ya klarineti, akaona vinafika. "Sasa fungua mdomo nione meno."

Namnyaki akakunja uso. "Meno ya nini tena? Ananunua klarineti au anauzwa yeye?"

Tahera akacheka. "Meno ni nusu ya kazi, mama. Ya juu yanakaa hapa, juu ya kipande hiki cha mdomoni. Mdomo wa chini unajikunja juu ya meno ya chini, unakuwa mto wa kuulalia huu mwanzi mwembamba. Bila meno ya chini, mto hauna kitanda. Upepo unatoroka wote."

Namnyaki alivuta ncha ya kanga akafunika kinywa. Yeye hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini. Aling'olewa akiwa mtoto, kama walivyong'olewa wasichana na wavulana wa Kiarusha wa rika lake, ili siku mtu akishikwa na pepopunda na taya likafunga, anyweshwe maziwa kupitia pengo. Hilo ndilo wazee walilolisema. Pepopunda hakuwahi kuiona. Pengo analo mpaka leo.

"Samahani, mama," Tahera alisema, macho yakishuka.

"Usijali. Sikuja kupuliza mimi."

Zikawekwa mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyeusi iliyofifia, vibonyezo vyake vimepoteza mng'ao. Ya pili ilikuwa ya mpingo, mti wetu huu huu, uliokatwa huku ukaenda Ulaya ukarudi na bei. Brightness alipoishika hiyo ya mpingo alipitisha kidole juu ya kila kibonyezo. Alipoipuliza, mpita njia alisimama mlangoni.

"Kwa anayeanza, mpe plastiki," Tahera alisema. "Mpingo unataka malezi. Kiangazi cha hapa na baridi ya asubuhi, ukiusahau tu unapasuka."

Namnyaki hakuhitaji kuambiwa. Mpingo ulikuwa juu ya uwezo wake, na plastiki aliimudu. Akaichukua.

"Ya plastiki!" Brightness alisema barabarani, machozi yakimlenga. "Kama ndoo yako ya maziwa!"

"Ndoo hiyo ndiyo iliyokulea. Isalimie."

Namnyaki alidhani yamekwisha. Kumbe mtoto alikwenda kumlilia shangazi yake, Evaresta, dada yake Lemayian, waliyekuwa wakisali naye kanisa moja. Jumapili iliyofuata Evaresta alimsubiri Namnyaki nje ya ibada, akicheka kwa meno ya juu peke yake.

"Wifi, kaka yangu amesikia habari ya klarineti. Ameumia moyo. Damu yake inapuliza plastiki?"

"Damu yake imekunywa uji bila sukari miaka yote, hakuumia."

"Wewe nawe, maneno yako kama upupu. Sikiliza. Ile ya mpingo ataitoa yeye. Anachotaka ni mtoto apande mlimani kwa koko, bibi yake, likizo hii, apate baraka. Bibi amezeeka, anataka kumtazama kinywa kabla hajafa."

Namnyaki akamsogelea. "Kumtazama uso au kinywa?"

"Si vyote viko pamoja? Mtoto gani wa Kiarusha anatembea na meno yamejaa kama punda? Ataolewa na nani?"

Namnyaki alimwacha hapo hapo. Alikwenda kando ya uzio, akampigia Lemayian simu, jambo ambalo aliapa hatalifanya tena maishani. Alimweleza yote aliyoyasema Tahera, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Hayo ni maneno ya dukani! Kwani anapuliza kwa meno? Anapuliza kwa mapafu. Klarineti nimeshainunua, Namnyaki. Iko hapa mezani kwangu. Mlete mtoto."

"Simleti."

"Basi atakuja," Lemayian alisema, akakata simu.

Tangu siku hiyo Namnyaki alifanya biashara yake shingo ikiwa imegeuka nyuma. Evaresta alianza kupita nyumbani na zawadi, leo sukari, kesho kandambili za mtoto. Mwanamume mwenye bodaboda akawa anaegesha mbele ya geti bila kungoja abiria. Brightness aliipuliza plastiki siku za mwanzo, kisha akaipuliza kidogo, kisha akawa anaikalisha tu mapajani na kutazama upande wa mlima. Namnyaki alimwambia waziwazi: wakikuita kwa koko usiende, wanataka meno yako. Mtoto akaitikia ndiyo, ile ndiyo ya watoto ambayo haina mizizi.

Shule zilipofungwa, asubuhi moja Namnyaki alirudi kutoka kwenye maziwa akakuta klarineti ya plastiki juu ya kitanda, imeunganishwa, na nyumba kimya. Jirani alikuwa anaanua nguo.

"Ametoka na shangazi yake. Alikuwa anacheka. Anasema anakwenda kuchukua zawadi ya baba, atarudi jioni."

Namnyaki aliiacha ndoo mlangoni na maziwa yake yaliyobaki. Bodaboda ilimpandisha kupitia upande wa Ngaramtoni mpaka pale njia ilipogeuka kuwa korongo, akashuka akaendelea kwa miguu katikati ya migomba. Ukungu ulikuwa umeshuka chini siku hiyo, mlima hauonekani. Akakutana na wanawake wawili aliofahamiana nao zamani wakishuka na kuni. Mmoja alimsalimu na kupita haraka. Mwingine alimshika kiwiko.

"Yeyo, mama, kimbia. Mzee Kisioki alipanda mapema."

Kisioki ndiye aliyewang'oa meno wote.

Namnyaki alikimbia. Kwenye uwanja wa boma alimkuta mzee huyo ameketi kwenye kigoda, kisu chake kidogo kimelala juu ya jani la mgomba, kibuyu cha maziwa pembeni cha kumpoza mtoto baadaye. Koko alikuwa ameketi mlangoni amejifunika shuka. Lemayian alisimama na sanduku la klarineti kwapani, amevaa koti kama mtu wa harusini. Na katikati yao, juu ya ngozi ya ng'ombe, Brightness, mikono magotini, midomo imebanwa mpaka imekuwa mstari.

"Umefika!" Evaresta alipaza sauti. "Njoo umwone mwanao asiye na adabu. Tangu alipomwona mzee hajafungua kinywa. Chai hataki, maziwa hataki, shikamoo ya bibi yake hajaitoa!"

"Sina haraka," alisema Kisioki bila kuinua macho. "Mtoto hushinda akibana. Halafu husinzia."

Lemayian alifungua sanduku. Mpingo ulilala kwenye kitambaa chekundu, vibonyezo vimeng'arishwa. "Brightness, ni yako. Maumivu ni ya kufumba na kufumbua tu. Mama yako hapa alilia?"

"Nililia," Namnyaki alisema. "Na aliyenishika kichwa siku hiyo, kabla sijawa mkwe wake, ni huyu mama yako."

Alikwenda mpaka kwenye ngozi. Lemayian akasogea mbele yake.

"Ukimtoa hapa, hii haitoki. Na ada ya shule usiniulize."

"Lini nilikuuliza? Itunze klarineti yako. Mpulizie mkeo."

Kijana mmoja nje ya uzio akaangua kicheko, na Lemayian, ambaye aibu ilimwuma kuliko kitu chochote duniani, akageuka kumtafuta aliyecheka. Namnyaki akamwinua mtoto kwa mkono mmoja. Kisioki alianza kukifunga kisu chake kwenye kitambaa, polepole, kama mtu aliyeambiwa arudi kesho.

Koko ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, wala hakuwa na hasira.

"Mwacheni amchukue. Likizo ni nyingi."

Walishuka mlima. Brightness alitangulia nusu hatua, midomo bado imebanwa, na Namnyaki kila mara alitazama nyuma, ukungu ukijifunga njiani kama pazia. Walipofika kwenye korongo pikipiki ilisikika ikiunguruma mahali fulani juu yao, ikazimwa. Walisimama. Hakuna aliyeshuka. Wakaendelea.

Karibu na barabara kuu ndipo mtoto alipofungua kinywa. Meno yote yalikuwemo.

"Mama, niliipuliza. Kabla hawajaniita uwanjani, baba alinipa chumbani nikaipuliza."

"Ikasemaje?"

Brightness alifikiri. "Ile ya nyumbani nikipuliza nasikia mimi. Hii ya baba nilisikia mtu mwingine, mkubwa." Akapiga hatua chache. "Nikikua nitaifuata."

Namnyaki alitaka kumwambia jambo, kuhusu baba yake, kuhusu vitu vizuri vinavyotolewa na mikono ya watu wa namna ile. Alimkaza mkono zaidi.

"Mama, unaniumiza."

Hakuulegeza.