Raha za Mji wa Wasomi

Juzi nilimkuta dukani kijana aliyerudi likizo kutoka mji mkongwe wa chuo kikuu huko Uingereza. Alikuwa akimnunulia mchumba wake kitambaa cha harusi, ili amwoe na kurudi naye huko. Mama wa binti alisimama kando.

"Majengo ya mawe, mama. Vitabu mpaka darini."

"Na kuoga, baba?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Mara moja kwa wiki. Kuna baridi, na bafu liko ng'ambo ya ua."

"Jirani je?"

"Mwaka wa pili huu, hatujasalimiana."

Mama akakisukuma kitambaa kwa mwenye duka. "Maliza kusoma kwanza, baba. Binti atakungoja hapa."

Maskini Sumbawanga yetu. Haina chuo kikuu, ndiyo maana tunapoteza siku nzima kuoga na kusalimiana.