Jino la Korongoni

Juzi mdogo wangu Achieng alinisomea kitabuni kwamba zamani za kale dubu wakubwa ajabu walitembea kutoka kaskazini hadi huku Afrika, kisha wakatoweka. Nilishtuka kwa furaha. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, mama akiwa ameshazikwa, korongo likinuka mvua, nilipookota jino kubwa kama ngumi.

Kwetu jino la mtoto hurushwa juu ya paa ili lingine liote, basi nikalirusha. Mabati yalilia ngwaa! Achieng akaanza kulia.

"Na mwenyewe akikuja kulichukua?"

"Akuje tu!"

Nilikaa mlangoni na jembe mpaka jua likazama, nikiamini yuko njiani.

Nilipomkumbusha hayo juzi, Achieng alifunga kitabu akicheka. "Dada, kweli ungepiga dubu na jembe?"

"Ningempiga."