Paja la Kuku Lililopaa

Miaka kumi na tisa mpishi huyu alifunga maboksi ya chakula cha watalii katika hoteli iliyo ukingoni mwa kasoko, lile shimo pana lililoachwa na volkano, ambamo wanyama wamejaa kama watu sokoni. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umeziba madirisha ya jiko: yai la kuchemsha, ndizi, mkate, paja la kuku. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka humo. Ashuke saa ngapi, na sufuria amwachie nani?

Basi wageni wakaanza kurudi wakilalamika kwamba kuku hawakumwonja.

"Kachukua mwewe," alisema dereva wao, ambaye ndiye aliyemwoa binti wa mpishi.

Mpishi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mwewe mwenye sharubu na funguo za gari!"

Aliyasema hayo mbele ya jiko zima. Mkwe akanuna, miezi miwili hakukanyaga kwa wakwe. Binti akawa anakuja peke yake, macho mekundu. "Baba, utanivunjia nyumba kwa ajili ya kuku?"

Hapo mzee akaingiwa na baridi. Siku yake ya mapumziko akapanda gari la mkwewe, boksi magotini, akajionee mwenyewe. Wakateremka kona baada ya kona, mzee amenuna. Chini huko nyati waliwatazama kama mahakimu. Kifaru alipopita kwa mbali, mzee akasahau kununa. "Kumbe ni mkubwa hivyo!"

Wakafika kwenye bwawa la viboko, mahali pa kulia.

"Baba, hapa tunakula ndani ya gari, vioo juu."

"Nimepika mimi, nitakula penye upepo."

Akasimama nje, akashika paja, akafumbua mdomo. Bawa likamzaba kofi la shavu. Kutazama vidole, vitupu! Juu, mwewe anazunguka na kuku wake.

Mkwe alijitahidi asicheke, maskini, mabega yakamsaliti.

"Mwanangu," mzee akasema, "huyu hana sharubu."

"Hana, baba."

"Nilikusema mbele ya jiko zima. Nitakuomba radhi mbele ya jiko zima."

Akafanya hivyo kesho yake, wapishi wenzake wakamcheka mpaka chai ikafurika jikoni.

Jumapili binti alikuja na mumewe. Paja nono kuliko yote likatua kwenye sahani ya mkwe. Kabla hajalishika, mzee akainuka, akaenda kufunga dirisha.